Vumbi Kwenye Kifua cha Shemeji

Ukitaka kujua kama jiwe lake limekwisha, usimwulize. Mtazame tu. Akiinama juu ya meza ya jikoni ya mawe meusi, akajitazama humo, akarekebisha kitambaa cha kichwa na kujipa tabasamu, basi jiwe limekwisha na unaweza kumwita mteja. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Kioo, na yeye jina hilo alilipokea kwa mikono miwili.

Kazi yenyewe hakuiomba. Alikwenda karakana kumpelekea shemeji yake chakula alichokisahau nyumbani, akamkuta ameshika tama mbele ya jiwe la watu. Mng'arishaji wake alikuwa ameaga kwamba anakwenda dukani, akala kona moja kwa moja. Sasa Mama Kioo ni mtu ambaye hajawahi kuona kitu kina ukungu akakiacha hivyo hivyo. Aliweka chakula chini, akachukua msasa, akaanza kusugua.

"Shemeji, hiyo si sufuria," shemeji yake alimwambia.

"Na wewe si msimamizi, kula unyamaze."

Jioni jiwe lilikuwa linang'aa mpaka mteja akaogopa kuliwekea mkono. Kuanzia siku hiyo watu wawili wakawa wanafungua mlango wa karakana asubuhi, na mpaka leo hakuna aliyewahi kumwambia rasmi kwamba ameajiriwa.

Huyo shemeji, mdogo wa mumewe, aliitwa Msumeno. Jina lilimfaa kwa kazi na kwa ulimi pia. Alikata meza za jikoni, masinki, vizingiti vya madirisha, mawe ya makaburi, chochote kile, na alikata kavu, bila tone la maji. Alikuwa akivuta mstari wa penseli, anawasha mashine yake ya mkono, anaifuata penseli ile kwa macho yaliyofinywa, na huku nyuma wingu jeupe linapanda mpaka kwenye bati. Walioona wanasema hakuwahi kukosea hata kwa upana wa ukucha. Mimi sijapima, lakini yeye mwenyewe alisema hivyo kila siku, na kwa sauti.

Vumbi lile lilikuwa kila mahali. Lilikaa juu ya balbu, juu ya redio, kwenye kope za watu. Msumeno alionekana babu wa miaka mia tangu asubuhi mpaka saa ya kufunga kazi. Mama Kioo akimtania kwamba amezeeka bila kuwa na akili, naye anajibu kwamba akili zote alizichukua kaka yake, ndiyo maana alioa vizuri. Walikuwa wanataniana hivyo kutwa nzima. Mteja akiingia, hajui kama karakana ni ya mawe au ya vichekesho.

Tatizo la vumbi lilikuwa nyumbani. Familia zile mbili zilikaa uwanja mmoja, milango ikitazamana, na mume wa Mama Kioo alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani: sare za shule, makoti meupe ya watu wa maabara, mashati ya harusi. Mtu mpole kabisa, lakini ukimgusia kitambaa cheupe utamjua. Aliweka sheria moja getini: hakuna mtu wa mawe kupita na vumbi lake.

Na hiyo ndiyo iliyoleta kupulizana.

Kwenye kona ya karakana kulikuwa na kompresa, ile mashine ya kujazia upepo, na mpira wake mrefu wenye bastola ya kupulizia mdomoni. Kila jioni Msumeno alisimama katikati ya karakana, amefungua mikono kama anayepimwa suti, na Mama Kioo anampuliza. "Geuka! Inua kwapa! Toa ulimi, nao una vumbi!" Upepo unapita masikioni, unapita shingoni, Msumeno anatekenyeka na kucheka kama mtoto, vumbi linamtoka kwa mawimbi mpaka hawaonani tena, wanasikiana tu vicheko ndani ya wingu. Kisha wanatoka nje wakipiga chafya, safi kabisa, wanakaa kwenye benchi na kunywa maziwa, glasi moja kila mtu. Maziwa huteremsha vumbi kifuani. Hivyo ndivyo Msumeno alivyofundishwa na fundi aliyemfundisha, na fundi yule naye alifundishwa hivyo hivyo.

Ukiwauliza saa gani ya siku waliipenda zaidi, wote wawili wangekwambia ni hiyo.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo, na Msumeno alikipa visingizio: mara baridi ya asubuhi, mara pilipili, mara mke wake amebadilisha sabuni. Mama Kioo alimwacha. Mtu mzima akikohoa si habari. Kilichomshtua ni kitu kingine. Msumeno alikuwa na kisa chake cha mteja aliyetaka meza ya duara yenye pembe nne, kisa kirefu, na utamu wake wote uko kwenye sentensi ya mwisho ambayo lazima aitoe kwa mkupuo mmoja, bila kupumua. Alikuwa amekisimulia mara nyingi mno, na mara zote Mama Kioo alikuwa amecheka kwa heshima tu. Siku hiyo aliwasimulia watu wawili waliokuja kuchukua kizingiti. Alifika kwenye sentensi ya mwisho, akaianza, na ikamfia katikati. Pumzi iliisha. Alisimama pale mdomo wazi, mkono hewani, wale watu wakimngoja amalizie.

"Mnajua wenyewe," alisema hatimaye, akacheka peke yake.

Mama Kioo hakucheka. Alifungua kumbukumbu zake haraka haraka: ngazi za nyumba ya ghorofa ambako Msumeno alisimama "kutazama mandhari" ya ukuta, jiwe ambalo zamani alilibeba peke yake na sasa anaita watu, usingizi wa mchana. 

"Kesho hospitali," alisema.

"Kesho nina sinki."

"Sinki halina mapafu. Kesho hospitali."

Mke wa Msumeno alikuwa na zamu kiwandani siku hiyo, kwa hiyo alimkabidhi mume wake kwa Mama Kioo asubuhi na mapema, na onyo juu: "Dada, usimwache atoke kabla hajapigwa picha. Huyu anaweza kutoroka kupitia dirisha." Hakutoroka. Alipigwa picha ya kifua, akapewa kibomba cha kupimia pumzi, akakipuliza mpaka macho yakamtoka, kisha wakaitwa wote wawili kwa daktari wa kifua.

Daktari alikuwa binti mwembamba mwenye miwani iliyokuwa inamteleza puani kila akiinama. Hakuanza na picha. Alianza na maswali. Mnakata nini? Kwa maji au kavu? Madirisha yakoje? Msumeno alijibu kwa bashasha, maana hakuna kitu alichopenda kuliko mtu kumwuliza kuhusu kazi.

"Na jioni mnasafishaje nguo?"

"Hapo sasa!" Msumeno aliinuka, akafungua mikono palepale ofisini, akajizungusha taratibu. "Ninapulizwa. Na mpira wa kompresa. Shemeji ananipuliza huyu, mpaka ndani ya masikio. Hakuna anayepuliza kama yeye."

Mama Kioo alitabasamu kwa kusifiwa. Kisha akauona uso wa daktari, na tabasamu likamkauka mdomoni.

"Kila siku?" daktari aliuliza.

"Kila jioni," Msumeno alisema. "Na maziwa juu."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alizungumza polepole, bila kumgombeza mtu.

"Vumbi kubwa linanaswa puani, unapenga kamasi, limekwisha. Shida ni lile dogo ambalo hata kwenye mwanga wa jua hulioni. Hilo linashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa pafu. Huko kuna seli za ulinzi. Kazi yake ni kumeza takataka. Kijidudu kikiingia, seli inakimeza, inakiyeyusha, mambo yameisha. Sasa inameza chembe ya jiwe. Jiwe haliyeyuki. Linaichana kwa ndani, tindikali yake inamwagika, seli inakufa. Na jiwe linabaki pale pale. Inakuja seli nyingine, inalimeza lile lile."

"Nayo inakufa?" aliuliza Mama Kioo.

"Nayo inakufa."

"Zile zinazofuata hazijifunzi?" aliuliza Msumeno.

"Hazijifunzi."

"Basi hao ni ukoo wangu kabisa," alisema Msumeno, na daktari alijitahidi asicheke.

"Kila zinapokufa, pafu linaweka kovu. Kovu halipitishi hewa. Ndiyo maana pumzi inakuishia. Na kuna jambo la pili. Vumbi la jiwe lililovunjwa sasa hivi ni bichi, uso wake bado una ukali. Likikutana na majimaji ya pafu, linatoa kemikali kali sana, na seli zinazopambana nalo zinaongeza nyingine za kwao. Kemikali hizo zinauma kila kilicho karibu, mpaka DNA iliyo ndani ya seli."

Msumeno aliruka kutoka kwenye kiti. "DNA? Daktari, sikia, watoto wale wote ni wangu! Yule mdogo ana masikio haya haya!"

Hapo daktari alishindwa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka mezani, Mama Kioo akacheka, na Msumeno mwenyewe, alipoona amewavunja mbavu, akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kikakataa kuisha. Alishika ukingo wa meza, mishipa ya shingo imesimama, na vicheko vya wale wawili vikazimika kimoja baada ya kingine.

Alipotulia, daktari aliendelea. "DNA ndiyo hiyo hiyo ya kujulia watoto. Lakini kazi yake kubwa ni maelekezo. Kila seli inaitumia kujua itengeneze nini na ijigawe vipi."

"Kama kiolezo cha mume wangu," alisema Mama Kioo. "Karatasi anayolaza juu ya kitambaa akate shati."

"Kama hicho. Kikichanika, seli inakibandika. Mara nyingi inabandika vizuri tu. Lakini kikichanwa leo, kesho, keshokutwa, miaka na miaka, iko siku kitabandikwa vibaya, na kila shati litakalokatwa baada ya hapo litatoka na mikono mitatu. Saratani inaweza kuanzia hapo."

Msumeno alikohoa kwa adabu, mdomo umefungwa.

"Na maziwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maziwa yanakwenda tumboni. Hewa inakwenda kwenye mapafu. Ni njia mbili."

"Hayakutani popote?"

"Yakikutana unapaliwa."

Kisha akawasha taa ya ukutani na kubandika picha. Hata asiyesomea aliona: vidoa vidogo vidogo vyeupe, juu ya pafu huku na huku. Daktari alisema ukweli wote. Makovu hayo hayafutiki. Angependa Msumeno aache mawe kabisa, maana ugonjwa huu wakati mwingine huendelea hata mtu akiacha. Msumeno alisema hajui kazi nyingine duniani, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. Ndipo daktari akakubali kwa shingo upande: akate kwa maji tu, avae barakoa yenye vichungi, mpira wa upepo usiguse tena mwili wa mtu, na arudi baada ya miezi sita. "Vidoa vikiongezeka, hapo sitajadiliana na wewe. Utaweka mashine chini."

Njiani Msumeno alipiga soga kama kawaida. Mama Kioo hakusikia hata neno moja. Alikuwa anafikiria mpira ule, na jinsi alivyokuwa akiusogeza karibu na uso wa shemeji yake ili apate na kope. Yeye! Kwa mkono wake!

Nyumbani alimweleza mumewe yote, mpaka habari ya kiolezo. Fundi cherehani alisimamisha mashine, akalitazama lile geti lake.

"Sheria ilikuwa yangu," alisema.

"Bastola ilikuwa yangu."

Hawakuendelea kugombania. Mume alitoa kitambaa kizito cha bluu, akashona suti za kazi nne kabla usiku haujaingia, mbili za kila mmoja, za kuvaliwa na kuvuliwa huko huko karakana na kuloweshwa kwenye pipa. Kompresa Mama Kioo alimpa fundi wa matairi jirani, na hakutaka kuiona tena.

Kilichobaki ni maji. Na hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa na kazi.

Msumeno aliyachukia maji kama paka. Wakafunga mpira wa bomba kwenye mashine, maji yakitiririka juu ya kisahani cha kukatia. Vumbi halikupanda tena, kweli; liligeuka uji mweupe na kumwagika sakafuni. Lakini uji ule ulipita juu ya mstari wa penseli na kuufuta. Walijaribu chaki, ikaondoka kabla ya salamu. Walijaribu kalamu ya wino wa kudumu, nayo kwenye jiwe jeusi haikuonekana. Msumeno, mtu asiyekosea upana wa ukucha, alikata tundu la sinki likapinda kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Alilitazama. Akaung'oa ule mpira wa maji, akautupa mlangoni. "Hii si kazi, huku ni kunyoa watu gizani! Mimi nakata kavu. Nikifa nimekufa nikiwa fundi!"

Akawasha mashine. Haikuwaka. Akabonyeza tena. Alipogeuka, alimwona Mama Kioo amesimama mbele ya swichi kuu ya umeme, ameizima, mgongo wake umeifunika.

"Shemeji, sogea."

"Sisogei."

"Shemeji, usinitanie leo."

"Nani anatania?" Na sauti ikamkatika. "Mimi naogopa! Unasikia? Naogopa kuja hapa asubuhi nifungue mlango peke yangu. Nimekupuliza vumbi lile kwa mkono huu, wewe unacheka, mimi nacheka. Sasa utakata kavu ukiwa umenikanyaga mimi kwanza."

Msumeno alibaki ameshika mashine yake iliyokufa. Hakuwahi kumwona analia. Hata vitunguu alivimenya macho makavu. 

Wakiwa hivyo, si ndipo mteja wa lile sinki akaingia! Mama mmoja wa heshima zake, mkoba mkononi, midomo myekundu. Alilitazama tundu, akawatazama wao, akaomba maji ya kunywa kwanza ndipo aseme. Alikunywa, akasema, na alisema vizuri kweli. Wakaahidi kumtengenezea jingine. Alipoondoka, Mama Kioo alichukua glasi kuisuuza, kwa sababu mtu akichanganyikiwa huosha vyombo. Alama nyekundu ya mdomo ilikuwa ukingoni. Akaifungulia bomba. Haikutoka. Akaongeza maji. Ikang'ang'ania pale, nyekundu vilevile.

Alifunga bomba. Akaitazama glasi. Akalitazama jiwe.

"Shemeji," alisema, "kimbia duka la vipodozi."

Muuza vipodozi anaisimulia mpaka leo. Anasema aliingia mwanaume amejaa uji wa mawe mpaka magotini, akaomba rangi ya mdomo. Alipoulizwa anataka rangi gani, akajibu: "Inayoonekana kwenye granaiti nyeusi."

Ilikaa. Jamani, ilikaa! Mafuta ya rangi ile yalishika jiwe kama gundi. Maji yalipita juu yake yakaenda zao, na mstari ukabaki mwekundu, mnene, unaonekana hata mlangoni. Msumeno alikata tundu la pili polepole, maji yakimrukia, barakoa ya mpira yenye vichungi viwili mashavuni ikimfanya aonekane panzi mkubwa. Alipozima mashine alipima kwa kidole kuzunguka tundu lote. Kisha akakaa chini kwenye uji.

"Upana wa ukucha," alisema ndani ya barakoa, na Mama Kioo akapiga kigelegele mpaka fundi wa matairi akaja kuuliza nani kaoa.

Ila wanaume bwana! Katika furaha yote ile Msumeno hakumweleza mkewe habari ya rangi. Mke alikuwa anakagua mifuko ya suruali kabla ya kufua, akakuta kijiti cha rangi nyekundu iliyokolea, kimetumika mpaka nusu. Alikwenda moja kwa moja mlango wa pili bila kuvaa viatu.

"Dada, mume wangu ana mwanamke! Na huyo mwanamke ana mdomo mkubwa, tazama alivyoimaliza!"

Mama Kioo alijaribu kueleza, akashindwa kwa kicheko. Ilibidi wafunge safari mpaka karakana, wote watatu, Msumeno akiwa mbele, mke amekunja mikono kifuani. Msumeno alilipaka jiwe rangi mbele yake, akafungulia maji, akakata. Mke aliinama, akaangalia, akainuka.

"Hii unayonunua ni ya bei ya kutupa," alisema. "Iliyo bora ninayo mimi, haitoki hata ukila. Tangu lini ukaijua rangi ya mdomo wewe?" Toka siku hiyo ununuzi ukawa wake, na vijiti vilivyobaki robo vilikwenda karakana.

Miezi ikapita na mawe yakaenda. Msumeno aliyazoea maji, ingawa alinung'unika kila asubuhi ili asisahau jinsi ya kunung'unika. Siku ya kurudi hospitali ilipofika hakutania hata mtu mmoja njiani. Alipigwa picha, akapuliza kibomba, wakakaa ndani kwa daktari yule yule, na Mama Kioo akagundua kwamba anashika mkono wa shemeji yake kwa nguvu mpaka kucha zimeingia.

Daktari alibandika picha mbili, ya zamani na mpya. Alizitazama kwa muda. Miwani iliteleza, akaiacha.

"Vidoa ni vile vile," alisema. "Havijaongezeka. Na pumzi haijashuka."

"Vile vile maana yake nimepona?"

"Hapana. Hutapona. Vile vile maana yake vile vile. Tutaangalia tena, na tena. Lakini leo sina sababu ya kukunyang'anya mashine."

Msumeno alifunika uso kwa viganja. Mama Kioo alimpiga mgongoni, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru daktari, akachukua mkoba wake, akasimama, maana kulikuwa na jiwe la dirisha linawangoja.

"Na picha yako wewe iko wapi?" daktari aliuliza.

"Yangu?" Mama Kioo alicheka. "Mimi sikati, daktari. Mimi nang'arisha. Na wala sikohoi."

Msumeno aliondoa viganja usoni. Alimtazama shemeji yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Lile vumbi lililokuwa linanitoka mimi," alisema polepole, "lilikuwa linakwenda wapi?"

Mama Kioo alifungua mkoba, akaufunga. Alikuwa amekilinda kile kifua cha shemeji kwa miezi yote hiyo, asubuhi mpaka jioni, na chake hakikuwahi kumpitia akilini hata mara moja.

"Jiwe la dirisha linangoja," alisema.

"Dirisha halina mapafu."

"Tutakuja siku nyingine."

"Shemeji." Msumeno alisimama, akaziba mlango kwa mwili wake wote. "Usipoingia kwenye chumba kile sasa hivi, kesho nakata kavu. Naapa."

Aliingia. Alisimama amegusisha kifua kwenye ubao wa baridi, mabega mbele kama alivyoelekezwa. Vuta pumzi, walimwambia, shikilia. Alishikilia.

Picha ilikuwa na vidoa pia. Vichache, vidogo kuliko vya Msumeno, lakini vilikuwepo. Mama Kioo alivitazama kwa utulivu, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kama anayekagua kona ya jiwe.

"Hivi navyo vinaweza kubaki vile vile?" aliuliza.

"Vinaweza," alisema daktari. "Na umewahi kuliko yeye."

"Basi hakuna neno." Aligeuka, akamkuta Msumeno analia, machozi yanamtiririka bila aibu mbele ya daktari. "Ebo! Unalia nini wewe? Mbona ya kwako hukuilia?"

"Ya kwangu ilikuwa ya kwangu," alisema Msumeno.

Mama Kioo alimpa ncha ya kitambaa chake ajifute. Msumeno alijifuta, akavuta pumzi kadiri alivyoweza, akachukua picha zote mbili kutoka mezani, akaziweka chini ya kwapa lake na kumfungulia mlango.